Nyumba na Uzee kwa Akiba Moja: Maswali Yanayoulizwa Sana Bumbuli

Je, ipo akaunti ambayo mkulima wa chai wa Mponde au mwalimu wa Mgwashi anaweza kuifungua leo, akaweka akiba isiyokatwa kodi, akajengea nyumba, na kinachobaki kikamtunza uzeeni? Kwa Tanzania, akaunti moja ya namna hiyo haipo. Ila vipande vyake vipo, kila kimoja mahali pake, na mwenye kujua kuvipanga anaweza kupata karibu yote ambayo akaunti kama hiyo ingempa. Majibu yafuatayo yanahusu namna ya kuvipanga.

Wazo hili limetoka wapi?

Nchi kadhaa zina akaunti za aina hiyo. Kanada ilianza yake mwaka 2009, Afrika Kusini mwaka 2015. Iliyo karibu zaidi na swali letu ni ya Uingereza, iliyoanza mwaka 2017 kwa watu wa miaka 18 hadi 39. Mtu anaweka hadi pauni 4,000 kwa mwaka, na serikali inamwongezea robo ya alichoweka. Fedha hiyo ina milango miwili tu: kununua nyumba ya kwanza isiyozidi pauni 450,000, au kusubiri hadi afikishe miaka 60. Akiitoa kwa sababu nyingine, anakatwa asilimia 25 ya anachotoa. Hesabu yake ni hii: umeweka 4,000, serikali ikaongeza 1,000, zikawa 5,000. Ukizitoa kabla ya wakati unakatwa 1,250, unabaki na 3,750. Umepoteza nyongeza yote, na pauni 250 za jasho lako zimeondoka nayo.

Adhabu ile imewekwa kwa makusudi. Waliotunga mpango walijua kwamba akiba inayotolewa wakati wowote, kwa shida yoyote, haifiki uzeeni. Jirani zetu wa Kenya wamepita njia nyingine: kanuni za mwaka 2020 zinamruhusu mwanachama wa mfuko wa pensheni kutumia hadi asilimia 40 ya mafao yaliyokusanyika, yasiyozidi shilingi milioni 7 za Kenya, kununua nyumba ya kuishi. Yaani nyumba inaazima kwa uzee, lakini kwa kipimo.

Hapa kwetu, akiba ipi haikatwi kodi?

Anza na inayokatwa. Ukiweka fedha benki kwa muda maalumu, riba yake inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 kabla haijakufikia. Tuseme umeweka shilingi 2,000,000 kwa asilimia 8 kwa mwaka. Riba ni 160,000, kodi ni 16,000, mkononi unapata 144,000. Kodi hiyo ndiyo ya mwisho, hudaiwi tena.

Zisizokatwa ni riba za hatifungani za Serikali za muda mrefu, zile zinazouzwa na Benki Kuu za miaka 5, 10, 15, 20 na 25. Mtu wa kawaida anaweza kuingia kwa kuanzia shilingi 1,000,000. Unafungua akaunti ya CDS, yaani ya kutunzia hatifungani zako, kupitia benki au wakala wa soko la hisa, unaomba kwenye mnada, na riba inaingia benki kila baada ya miezi 6. Mwaka 2022 riba ya hatifungani ya miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Kwa kiwango hicho kipya cha wakati ule, milioni moja ilikuwa inaleta shilingi 125,600 kwa mwaka, yaani 62,800 kila nusu mwaka, bila kukatwa. Aliyeingia kabla ya kushushwa alibaki na kiwango chake cha zamani, kwa sababu riba ya hatifungani hufungwa siku inapotolewa.

Asiye na milioni moja ana njia ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja. UTT AMIS, kampuni ya Serikali, inaendesha mifuko kadhaa: Umoja, ulioanza mwaka 2005, Wekeza Maisha, Watoto, Jikimu, Ukwasi, na wa Hatifungani ulioanza mwaka 2019, ambao unaruhusu kuanza na shilingi 50,000. Unanunua vipande, na thamani ya kipande inapanda kadiri mfuko unavyopata. Gawio na faida vinamfikia mwekezaji bila kukatwa kodi. Watumishi Housing Investments nao wana Faida Fund, tangu 2022, inayoanzia shilingi 10,000. Hiyo ni fedha ambayo muuza matunda wa Soni anaweza kuitenga siku moja ya gulio.

Jambo moja la kushika: sheria ya fedha hupitiwa kila mwaka, na mabadiliko huanza Julai. Kabla ya kuweka fedha kubwa, uliza kama msamaha wa kodi unaoutegemea bado upo.

Mimi ni mwajiriwa. Makato ya mfuko wa pensheni yananisaidia kodi?

Yanakusaidia sana, na wengi hawalijui hili kwa sababu hati ya mshahara inasomwa mstari wa mwisho tu. Mchango wako wa PSSSF au NSSF hutolewa kwanza, ndipo kodi ya mshahara inapopigwa kwa kilichobaki. Chukua mtumishi wa umma wa mshahara wa shilingi 800,000. Asilimia 5 ya PSSSF ni 40,000. Bila mchango ule, 40,000 hiyo ingeangukia kwenye ngazi ya kodi ya asilimia 25, yaani ingekatwa 10,000. Kwa hiyo mfukoni mwako umetoa 30,000, na kwenye mfuko zimeingia 40,000. Na hapo hatujahesabu mwajiri anayeongeza asilimia 15 juu. Kwa sekta binafsi chini ya NSSF, jumla ni asilimia 20 pia, mara nyingi 10 kwa 10.

Hakuna kitega uchumi kingine Bumbuli ambacho mtu anaweka elfu 40 na mwingine anamwekea laki na ishirini juu yake. Ndiyo maana inauma kuona mwajiri wa shule au zahanati binafsi anakubaliana na mfanyakazi wake wasipeleke michango ili mshahara uonekane mnono. Mfanyakazi yule anauza uzee wake kwa bei ya sukari ya mwezi.

Fedha ya mifuko hii pia haiko mbali kama watu wanavyodhani. Kiwanda cha chai cha Mponde, kilichosimama mwaka 2013 kwa mgogoro uliowaacha wakulima na majani yasiyo na mnunuzi, kilichukuliwa na PSSSF pamoja na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ili kifufuliwe. Michango ya watumishi wa nchi nzima ina sehemu yake katika milima hii.

Naweza kutumia pensheni kupata nyumba?

Kuichukua mapema ukajengee, hapana. Kuiweka dhamana, sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2008 ilifungua mlango: sehemu ya mafao ya mwanachama inaweza kutumika kama dhamana ya mkopo wa nyumba kwenye taasisi ya fedha. Nenda ofisi ya mfuko wako ukaulize masharti yanayotumika sasa na benki zipi zinashirikiana nao.

Ila pima kwanza unachokiweka rehani. Mikopo ya nyumba imesogea tangu kampuni ya TMRC ilipoanzishwa mwaka 2010 kuzikopesha benki fedha za muda mrefu, lakini riba bado ni kubwa, na benki nyingi hutaka nyumba iliyo kwenye kiwanja kilichopimwa chenye hati. Kwetu ardhi nyingi ni ya kijiji, inayoshikwa kwa hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kwa anayejenga Tamota au Funta, mkopo wa nyumba wa benki mara nyingi si njia iliyo wazi. Atajenga kwa akiba yake, kidogo kidogo, kama walivyojenga wazee.

Wengine husubiri kiinua mgongo ndipo wajenge. Kwa kikokotoo cha Julai 2022, malipo ya mkupuo ya mstaafu yaliwekwa wakati ule kuwa asilimia 33 ya mafao, na sehemu kubwa ikabaki kuwa pensheni ya kila mwezi. Kelele zilikuwa nyingi, na nyingine zilikuwa za haki, hasa kwa waliokuwa wameshapanga maisha kwa hesabu ya zamani. Lakini kwa anayeanza kazi leo ujumbe uko wazi: usipange nyumba yako ya kwanza juu ya fedha ya mkupuo utakayoipata ukiwa na miaka 60.

Mimi ni mkulima, sina mwajiri. Uzee wangu unaingia wapi?

NSSF inapokea waliojiajiri: wakulima, bodaboda, mama lishe, mafundi. Kiwango kilichotangazwa kwa sekta isiyo rasmi kinaanzia shilingi 30,000 kwa mwezi. Jambo la kuangalia hapa ni miaka kuliko kiasi. Pensheni ya kila mwezi inahitaji michango isiyopungua miezi 180, ambayo ni miaka 15 kamili. Mwenye miaka 45 akianza mwezi huu na asiruke hata mmoja, anafika miezi 180 akiwa na 60. Mwenye 35 ana nafasi ya kuruka miezi mibaya, ile ya ukame au ya bei ya viazi kuanguka, na bado akafika. Kwa mkulima hilo si jambo dogo, kwa sababu fedha yake huja kwa msimu. Anayevuna pea na plamu hukamata fedha miezi michache tu, kisha hukaa. Lipa miezi kadhaa kwa mkupuo msimu unapokuwa mkononi.

Kwa hiyo nichanganye nyumba na uzee kwenye mfuko mmoja?

Hapa maoni yangu ni thabiti: usichanganye. Sababu iko kwenye hesabu, tuipige taratibu.

Unaweka 30,000 kila mwezi kwa miaka 20. Jumla unayotoa mfukoni ni 7,200,000. Tuchukue faida ya asilimia 10 kwa mwaka kama mfano tu, maana hakuna mfuko unaokuahidi kiwango. Bila kodi, mwisho wa miaka 20 una kama milioni 22.8. Faida hiyo hiyo ikikatwa kodi ya asilimia 10 kila inapoingia, unapata kama milioni 20. Kodi imekula milioni 2.7 hivi.

Sasa chukua akiba ile ile isiyo na kodi, lakini mwaka wa 10 ukaitoa yote kupaua nyumba. Siku hiyo unatoa kama milioni 6.1. Ukianza upya na 30,000 zako, mwaka wa 20 unakuta milioni 6.1 badala ya 22.8. Pengo ni zaidi ya milioni 16, mara sita ya kile ambacho kodi ingekula. Nyumba umeipata, sikatai, na nyumba ina thamani yake. Lakini zile milioni 6 za miaka kumi ya kwanza ndizo zilizokuwa na muda wa kuzaa, na umezichinja zikiwa na mimba.

Watu wanatumia nguvu nyingi kuuliza kodi na hawaulizi kabisa habari ya kutoa mapema. Na bei nazo hazilali. Zikipanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, milioni 22.8 za miaka 20 ijayo zitanunua vitu vya kama milioni 10.4 za leo. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutoiacha akiba ya uzee chini ya godoro au kwenye kibubu, ambako haikatwi kodi lakini haizai pia.

Nizipange vipi basi?

Akiba ya nyumba ikae mahali pa kutoka haraka. Mfuko wa Ukwasi wa UTT unalipa ndani ya siku chache za kazi, na unafaa kwa fedha utakayoihitaji ndani ya miaka michache. Mwenye kujenga Bumbuli anajua kwa nini haraka ni muhimu. Kiwanja chetu kiko kwenye mteremko. Fedha ya kwanza haionekani ukutani: inaingia kwenye kuchimba kilima, kusawazisha, na kujenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo wa nyuma usishuke. Baada ya hapo kila hatua ina msimu wake. Tofali zinachomwa kipindi cha jua. Ukifika kwenye linta mwezi wa pili na fedha ya bati haijatoka, masika yanaanza Machi na yanalinyeshea boma hadi Mei. Udongo wa kuunganishia unaoshwa, kona zinaachia, na fundi anarudi kubomoa kozi za juu. Mapagale yaliyojaa magugu njiani kutoka Soni kwenda Bumbuli yana historia za namna hiyo. Kwa hiyo nunua kwa hatua zinazokamilika: kama fedha inatosha msingi tu, jenga msingi, funika, simama. Usipandishe ukuta kwa tumaini la mauzo ambayo bado yako shambani.

Akiba ya uzee ikae mahali pagumu kutoka. Kwa mwajiriwa, PSSSF au NSSF ndiyo ngome ya kwanza. Kwa mkulima, NSSF ya hiari na, msimu ukiwa mzuri, hatifungani ya muda mrefu. Hatifungani inaweza kuuzwa kabla ya muda kwenye soko la hisa, lakini bei yake hushuka riba mpya zikipanda, na kule kusitasita kabla ya kuuza ndiko kunakokulinda. Riba ya kila nusu mwaka irudishwe kwenye vipande vya UTT hadi utakapofika umri wa kuila. Mfuko wa Wekeza Maisha, ulio mpango wa miaka 10 wenye bima ndani yake, unamfaa mwenye watoto wadogo.

Ukiniuliza ipi ianze kama fedha ni moja tu, nitasema uzee uanze, hata kwa kidogo, kisha nyumba ifuate kwa kubwa zaidi. Sisemi hivyo kwa kuidharau nyumba. Nyumba ina wa kukusukuma: mvua, mke au mume, jirani, kodi ya pango mjini. Uzee hauna anayekugongea mlango leo.

Nyumba yenyewe si ndiyo pensheni yangu?

Ya kupangisha karibu na hospitali ya Bumbuli au Soni madukani, inaweza kuwa, ikiwa ina wapangaji na unaitunza. Nyumba ya kuishi kijijini inakuondolea kodi ya pango, na hiyo ni nafuu ya kweli kwa mzee. Lakini haikupi fedha ya dawa, na huwezi kuuza chumba kimoja ukikwama. Ukiiuza yote, fahamu kuwa sheria ya kodi ya mapato inaiacha nje ya kodi nyumba ya makazi uliyoimiliki na kuishi kwa miaka 3 au zaidi, mradi faida isizidi shilingi 15,000,000. Shamba lenye thamani chini ya 10,000,000 lililotumika kwa kilimo angalau miaka 2 kati ya 3 ya mwisho nalo halihesabiwi. Weka mikataba na risiti za kununulia, maana TRA itauliza ulinunua kwa kiasi gani.

VICOBA na upatu je?

VICOBA vina kazi yake: ada ya shule, mbolea, msiba. Mgao wa mwisho wa mwaka ukiupeleka moja kwa moja kwenye bati au kwenye vipande, umefanya vizuri. Kikundi kiwe kimesajiliwa, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavyotaka. Kwa akiba ya miaka 20 kikundi hakifai, kwa sababu kikivunjika hakuna bima. Amana za benki zinalindwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi shilingi 7,500,000 kwa mtu katika benki moja. Sanduku la kikundi halilindwi. Na anayekuahidi kuirudisha fedha yako mara mbili kwa miezi michache, kumbuka mpango wa upatu wa DECI, uliofungwa mwaka 2009 watu wakiwa wamejipanga foleni kudai fedha yao. Mfuko halali wa uwekezaji una leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Omba kuiona.

Nikifa kabla, nani anachukua?

Uliza hili siku ya kufungua akaunti, maana msiba ukishatokea umechelewa. Mfuko wa pensheni huwalipa wategemezi, kwa hiyo andikisha mwenzi na watoto, na uupelekee mfuko cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa mapema. Kupata cheti cha mtoto baba akiwa hai ni safari moja ya Lushoto. Akishakufa inaweza kuwa kesi. Kwa vipande na hatifungani, familia itahitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa wengi Mahakama ya Mwanzo. Mwambie mtu mmoja unayemwamini namba za akaunti zilipoandikwa. Na hatimiliki ya kimila ya kiwanja inaweza kuandikwa majina mawili, la mume na la mke. Wanaokwenda ofisi ya kijiji kuomba hati waende wote wawili, na wahakikishe majina yote mawili yameandikwa kabla ya kutia dole gumba.